Kwa Nini Trauti wa Iriani Ana Madoa, na Mvuvi Hugeuza Jiwe Kwanza

Zama zile mlima ulikuwa bado kichwa wazi, haujavaa kofia yake nyeupe, na trauti, yule samaki wa maji baridi wa Ziwa Iriani, alikuwa mweupe pee kama muhogo uliomenywa. Hana doa, hana mstari, hana maringo. Ukimtazama mara moja umemmaliza. Wenye vyeti watakwambia trauti aliletwa juzi tu, ndani ya pipa, na watu waliovaa soksi ndefu. Waache na pipa lao. Hadithi hii ni kongwe kuliko pipa, na ukiisikia kwa mtu mwingine yeyote kuanzia hapa mpaka ng'ambo ya msitu wa mianzi, ujue amekupa nusu, nusu ameila njiani.

Tena trauti wa siku hizo alikuwa mlafi asiyechagua. Ukitupa ndoana yenye funza, anameza. Ukitupa yenye ganda la ndizi, anameza. Mzee mmoja alidondosha kiko chake majini, na kabla hakijazama kilikuwa kimeshapata tumbo la kulala. Kwa hiyo hakuna aliyejua maana ya kuchagua chambo. Kila nyumba ilikuwa na chambo kimoja tu, kimening'inia juu ya mlango. Baba akifa, mwana anakichukua. Kuvua kulikuwa kama kuokota kuni: unakwenda, unarudi, hakuna anayekuuliza habari za huko. Wavuvi ziwa zima, na hakuna mwongo hata mmoja. Hebu fikiria mahali pa kuchosha namna hiyo!

Ndipo akazaliwa Kaimenyi.

Kaimenyi alikuwa na vidole vya fundi na mdomo wa baragumu. Alipokabidhiwa chambo cha marehemu baba yake, ambacho kilikuwa kishungi cha singa za mbuzi chenye rangi ya matope, alikishika kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayeokota panya. "Hiki ni chambo," akauliza, "au ni uchafu wa kwenye kitana?" Siku hiyohiyo akaanza kufuma vya kwake. Alichukua unyoya wa shingo ya jogoo, akauzungusha kwenye ndoana ya mfupa, akaufunga kwa uzi mwembamba kuliko utando wa buibui. Kikawa kizuri. Akafuma kingine, kikawa kizuri zaidi. Kabla ya msimu kwisha alikuwa na mfuko mzima, ameuvaa shingoni, na hapiti nyumba ya mtu bila kuufungua. Samaki walikuwa wakimeza vyambo vyake vizuri kama walivyomeza ganda la ndizi, bila hata kuvitazama, na jambo hilo lilimuuma Kaimenyi kuliko jino.

Sasa huyu Kaimenyi alikuwa na dada yake mkubwa, Nkirote, aliyekuwa amechumbiwa na kijana wa ng'ambo ya ziwa aitwaye Mbaabu. Na watu wa Iriani walikuwa na desturi moja isiyo na mchezo. Siku ya harusi, kaka wa bibi harusi ndiye humlisha mama mkwe tonge la kwanza, kwa mkono wake, kutoka kwenye chakula alichokitafuta yeye mwenyewe. Tonge likifika mdomoni, watu wanapiga vigelegele. Lisipofika, wageni wanainuka na njaa yao, wanarudi kwao, na binti anarudi jikoni kwa mama yake mpaka ulezi uvunwe tena. Hakuna kusema samahani, hakuna kuomba hadi jioni.

Nkirote alimjua vizuri mdogo wake. Kwa hiyo alikuwa amemfugia kondoo dume, miaka miwili mizima, akimkatia majani kwa mkono wake, mpaka yule kondoo akawa anatembea kama mzee wa baraza. Kazi ya Kaimenyi ilikuwa moja tu: kumchinja. Hata mjinga angeiweza.

Siku tatu kabla ya harusi akapita mtega ndege kutoka msitu wa mianzi, amebeba manyoya kwenye bua. Kati yake mlikuwa na unyoya wa kulukulu, yule ndege wa msituni anayeficha wekundu wake chini ya mbawa mpaka aruke. Kaimenyi alipouona wekundu ule, aliusogelea mpaka pua ikaugusa. Alimwazia samaki anayekitazama chambo chenye wekundu kama huo. Aone samaki gani atajifanya hakuona! Mtega ndege akamtazama yule kondoo. Kaimenyi naye akamtazama yule kondoo. Wakaelewana haraka, kama watu wawili wanavyoelewana wakati mwenye mali hayupo.

Nkirote aliporudi kutoka shambani akakuta kigingi kimesimama na kamba imelala.

"Kaimenyi, kondoo yuko wapi?"

"Dada, keti kwanza."

"Nimeketi miaka miwili namlisha. Nimechoka kuketi. Kondoo yuko wapi?"

Kaimenyi akafungua kiganja. Nkirote akautazama ule unyoya, akautazama kwa muda mrefu, akaugeuza upande wa pili.

"Huyu ana miguu mingapi?" akauliza.

"Kondoo mmoja anashibisha watu ishirini, dada. Chambo nitakachofuma kitashibisha ukoo mzima wa Mbaabu, na kuku wao. Samaki watapanda nchi kavu wenyewe wakiulizia njia ya jikoni!"

Mjomba wao, Mzee Ikiara, aliyekuwa msimamizi wa harusi, alipoitwa alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu akaacha kucheka. "Mwanangu," akasema, "yule mama mkwe ana meno manne tu, na hata moja si la kutafunia manyoya. Haya. Chukua kamba ya kondoo, ujifunge kiunoni. Hutaivua mpaka umelisha tonge. Na usipolilisha, utakuwa umemwoza dada yako kwa kigingi."

Kaimenyi akajifunga kamba, iliyokuwa bado na matope na sufu za yule kondoo zilizonasa kwenye nyuzi, akaketi kufuma. Lazima useme kweli hata kama humpendi: kile chambo hakijawahi kuwa na mwenzake. Mwili ulikuwa manyoya ya kanga wa porini, meusi yenye nukta. Kichwani aliweka unyoya wa ndege chozi, kijani kinachometameta. Shingoni, dhahabu ya jogoo. Na ubavuni, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akalaza wekundu wa kulukulu. Alikipa jina akakiita Bwana Harusi.

Asubuhi akashuka ziwani, kifua mbele, kamba ikiburuzika nyuma yake kama mkia. Akatupa.

Chini ya maji ya Iriani aliishi trauti mkubwa kuliko wote, jike la zamani ambalo watu waliliita Nyanya wa Maji. Alikuja mbio kama ilivyo kawaida, mdomo wazi, tayari kumeza asichokijua. Alipofika urefu wa mkono mmoja, akasimama.

Tangu maji yawe maji, hakuna trauti aliyekuwa amesimama mbele ya chambo. Huyu alisimama. Akakizunguka mara moja. Akakizunguka mara ya pili, kwa upande mwingine. Kaimenyi huko juu alikuwa hapumui, machozi yanamlenga: hatimaye, hatimaye mtu ameangalia kazi yake! Kisha Nyanya wa Maji akakichukua Bwana Harusi, polepole, jinsi mtu anavyochukua nguo ya kujaribu, akavuta mara moja, na ule mshipi wa singa za mkia wa ng'ombe ukakatika kama jani bichi.

Sasa, kama hujui kuhusu kulukulu, jua leo: wekundu wake hauvumilii maji. Ukiulowesha unyoya wake, rangi inachuruzika. Kule chini maji yakapata wekundu hafifu, na nukta za kanga zikaachia, na kijani cha chozi kikayeyuka, na kila kitu kikamgandia yule samaki aliyekuwa akijisuguasugua nacho. Baada ya kitambo akaruka juu ya maji. Mgongo mzima madoa. Ubavuni mstari mwekundu kutoka shavuni hadi mkiani. Kichwani kijani cha kumetameta. Akaanguka, akaruka tena. Hakuwa amenasa popote, hakuwa akikimbia kitu. Alikuwa anaruka ili aonekane. Kufikia adhuhuri wajukuu zake wote walikuwa wamejisugua kwake, na ziwa zima linarukaruka kama sufuria ya bisi.

Nyanya wa Maji akasogea ukingoni, akatoa kichwa.

"Kijana, umenivika. Ahsante."

"Karibu, nyanya," akasema Kaimenyi, kifua kikipanda. "Ni kazi yangu mwenyewe. Sasa basi, kama ungeweza kuwaambia wajukuu zako wachache waje..."

"Waje wapi?"

"Wameze, nyanya."

"Wameze nini? Ganda la ndizi?" Nyanya wa Maji akajitazama ubavuni, kulia, kushoto. "Mwanangu, mtu aliyevaa hivi hali kila kinachopita. Kuanzia leo tutachagua. Jua likiwa kali, huenda tukataka cha kung'aa. Mawingu yakitanda, huenda cheusi. Upepo ukichafua maji, huenda kikubwa. Na siku nyingine hatutataka kitu."

"Na mimi nitajuaje mnataka nini?"

"Je, hiyo ni shida yangu?" akasema, akazama, na mkia wake ukamrushia Kaimenyi maji usoni.

Siku ya pili alitupa kila kilichokuwa mfukoni. Alitupa cha jogoo, wakakisindikiza mpaka ukingoni kama wenyeji wanaomtoa mgeni. Alitupa cha kanga, wakageuza mgongo wamwonyeshe madoa yaliyo bora zaidi. Alitupa cha bata; hicho hakuna hata aliyefika kukitazama. Wavuvi wengine nao walishuka na vyambo vya baba zao, wakasimama kutwa, wakarudi mikono mitupu, na kila mmoja alipita kwa Kaimenyi kumwaga neno lake. "Tulikuwa na samaki wajinga, wazuri, wa kula," mmoja akalalamika. "Wewe umewapeleka jandoni!" Kaimenyi akasema kesho watamwona. Lakini sauti ya baragumu ilikuwa imeingia maji.

Siku ya harusi kulipambazuka mawingu, maji yametulia kama uji uliopoa. Ng'ambo ya ziwa msafara wa ukoo wa Mbaabu ulikuwa umeshaanza kuzunguka ukingo, nyimbo zinasikika. Mpaka wafike jua litakuwa utosini. Kaimenyi alikaa juu ya jiwe, mfuko wazi miguuni. Aliitazama ile kamba kiunoni. Akilini akamwona dada yake akirudi jikoni, mwaka mzima, asubuhi kwa asubuhi, akipita kwenye kigingi. Hakuwahi kuwaza jambo lolote kwa muda mrefu namna hiyo bila kulisema.

Nkirote akashuka, amepakwa mafuta, shanga zimemjaa shingo mpaka hawezi kuinama vizuri.

"Umenyamaza," akasema. "Unaumwa?"

"Dada, nimekuharibia. Nilitaka tu mtu akitazame chambo changu."

"Wametazama. Mpaka wametutazama na sisi." Akamsukuma kwa goti. "Sogea nikae, shanga hizi ni nzito."

Kaimenyi akainuka. Jiwe likatikisika, na Nkirote akaligeuza kwa mguu likae sawa. Upande wa chini, kwenye ule umajimaji, kulikuwa na vidudu: vidogo, vya rangi ya matope, vyenye nywelenywele, vimeng'ang'ania jiwe. Vitatu vikaangukia majini. Hapo hapo, kutoka kusikojulikana, kivuli kikapita, maji yakatoa mlio mdogo, *tup*, na vidudu havipo.

Nkirote akaanza kucheka, mkono mdomoni ili asiharibu mafuta.

"Nini?" akauliza Kaimenyi.

"Mdogo wangu, unajua mimi leo nimekula nini? Viazi vitatu vikubwa, nyuma ya ghala, nimesimama. Kwa nini? Kwa sababu kwenye karamu bibi harusi hatakiwi kuonekana ana njaa. Nitaonjaonja tu, hivi, kama ndege. Mwenye kujipamba hali mbele za watu! Anakula uani, chakula kilekile cha jana." Akamwonyesha yale mawe ya ukingoni. "Siku mbili nzima unamwonyesha huyu nyanya ulicho nacho. Hata mara moja hujauliza yeye kala nini."

Kaimenyi akachutama, akageuza jiwe la pili. Vidudu vilevile. La tatu, vilevile. Akarudi kwenye mfuko wake akapekua: nyekundu, dhahabu, buluu, kijani. Rangi ya matope, hapana. Wala manyoya ya namna hiyo hakuwa nayo, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa ameyatupa. Mikono ikamwangukia mapajani, na vidole vikagusa kamba.

Sufu za yule kondoo zilikuwa bado zimenasa, zimekauka kwa matope ya zizi.

Akazinyofoa. Akazizungusha kwenye ndoana ndogo kuliko zote, mara mbili, mara tatu, akafunga. Vidole vyake vilikuwa vinakataa; vilitaka kuongeza japo uzi mmoja mwekundu, japo nukta. Akavikatalia. Kikatokea kitu ambacho ungekikuta sikioni mwa babu. Wavuvi waliokuwa wamekuja kushuhudia aibu yake walikiona, wakaangusha kicheko kilichofika ng'ambo na kurudi.

Kaimenyi akalowesha mshipi. Akakitupa karibu, pale pale kwenye mawe, akakiacha kizame.

*Tup.*

Wa kwanza alikuwa na urefu wa mkono mzima. Wa pili akaja kabla wa kwanza hajatulia. Kicheko kikakatika. Wavuvi walianza kusogea, halafu kuchutama, halafu kugeuza mawe, na mmoja aliyekuwa amecheka kuliko wote akauliza, kwa adabu kabisa, kama kamba ile ina sufu za ziada. Mawingu yalipoanza kufunguka kikapu kilikuwa kimejaa na Nkirote alikuwa akikibeba yeye mwenyewe, shanga na yote, akikimbia.

Kaimenyi alikuwa anakunja mshipi pale kichwa chenye kijani kilipotokeza.

"Nani kakwambia?" akauliza Nyanya wa Maji.

"Dada yangu."

"Nilijua si wewe." Akachezesha mapezi. "Basi tuelewane. Anayegeuza jiwe kwanza, amekuja na adabu, ameniuliza habari za nyumbani. Huyo nitamjibu. Anayefungua mfuko kwanza nitamrukia mbele ya macho kutwa, aondoke hivyo hivyo. Ila nawe unilindie jambo moja. Usiwaambie watu nimeponzwa na kitu kibaya namna ile."

"Nitawaambia nini, nyanya?"

"Wewe? Wewe ukose la kusema?"

Jua lilipofika utosini, mama yake Mbaabu aliketi kwenye kigoda, meno yake manne tayari. Watu wakasogea kutazama. Kaimenyi akakata kipande cha mnofu kilichoiva kwa moshi, akatoa miiba, akakiviringisha kwenye sima. Tonge likafika mdomoni. Mama akatafuna kwa utaratibu, maana kwa meno manne huna haraka. Akameza.

"Mtamu," akasema. "Umemvua kwa chambo gani, mwanangu?"

Kile kishungi cha matope kilikuwa kwenye kiganja chake cha kushoto, bado kimelowa. Kaimenyi akafumba kiganja. Kwa mkono wa kulia akafungua mfuko, akatoa kile kizuri kuliko vyote vilivyobaki, chenye dhahabu na buluu, akakiinua juu watu wote wakione.

"Kwa hiki, mama."

Nkirote akapaliwa na tonge lake dogo la bibi harusi. Mjomba Ikiara akatazama paa. Vigelegele vikalipuka, na Kaimenyi akafungua ile kamba kiunoni akamtupia mjomba wake.

Na tangu siku hiyo trauti wa Iriani ana madoa ya kanga na mstari wa kulukulu, na anaruka bila sababu mpaka unasahau kuvua. Tangu siku hiyo anachagua: leo cha kung'aa, kesho cheusi, keshokutwa hataki kuonana na mtu. Tembea ukingo wa ziwa hilo leo utakuta mawe yamelala kichwa chini, upande wenye unyevu juu, yote, mpaka ng'ambo. Hiyo ni kazi ya watu waliouliza kwanza. Wageni wanakuja na masanduku yenye vyambo vya bati vya kumeremeta kama vijiko na samaki wa plastiki wenye macho makubwa kuliko ya kwao. Wanafungua sanduku, wanasimama kutwa, wanapigwa picha, wanarudi na picha.

Na ukikutana na mvuvi wa Iriani anapanda kilima, kikapu kimemwelemea, ukamuuliza amevua kwa chambo gani, atakuonyesha kimoja chekundu kizuri mpaka utataka kumnyang'anya. Mpongeze. Lakini mtazame mkono wa kushoto: atakuwa ameufumba.